Kazi ya Mungu Haina Makosa

Siku tuliyomzika binti yetu, mchungaji alisimama ukingoni mwa kaburi, akafunga Biblia yake, akasema maneno ambayo kila aliyewahi kuhudhuria msiba huku kwetu anayajua: "Kazi ya Mungu haina makosa." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi pia nikatikisa, maana ndivyo mtu anavyofanya. Mke wangu, aliyekuwa ameketi mkekani kati ya mama yake na shangazi yangu, hakutikisa. Usiku, wageni walipopungua, aliniambia kwa sauti ya chini, "Ya Mungu haina. Ya watu je?"

Mtoto wetu aliishi siku tisa. Alizaliwa kabla ya wakati, akawekwa kwenye wodi ya watoto njiti, ndani ya mashine ya joto. Usiku wa tisa umeme ulikatika. Jenereta haikuwaka kwa sababu haikuwa na dizeli, na muuguzi wa zamu alikuwa peke yake na wodi nzima. Hospitali sitaitaja. Nataka tu ujue swali la mke wangu lilitoka wapi.

Sikumjibu usiku ule. Siku zilizofuata, alipozidi kuuliza, nilimjibu kama mzee wa kanisa: "Tumwachie Mungu, mama." Nililisema neno hilo mara nyingi hadi akaacha kuuliza. Nikadhani amepata amani. Kumbe alikuwa amenyamaza tu.

Mimi ni mwalimu wa historia katika shule ya sekondari hapa Mombasa. Kila mwaka nafundisha ujio wa wamisionari: Krapf, Rebmann, Rabai, Frere Town. Sababu tano za kuja kwao, matatizo matano, matokeo matano. Wanafunzi wanakariri, mtihani unakuja, tunasonga mbele. Mwaka uliofuata msiba wetu nilifika kwenye orodha ya matatizo, nikaandika ubaoni neno "magonjwa", na mkono ukagoma. Nilikumbuka kwamba chini ya neno lile yumo mwanamke mmoja na mtoto wake mchanga, nao wamelala ng'ambo ya kisiwa, mwendo mfupi kwa matatu kutoka pale niliposimama na chaki. Nilikuwa nimelifundisha somo hilo miaka kumi na moja bila kwenda kuwaona.

Jumamosi ile nikavuka daraja la Nyali.

*

Johann Ludwig Krapf alizaliwa mwaka 1810 huko Derendingen, karibu na Tübingen, Ujerumani, mtoto wa mkulima. Alisomea umisionari Basel, Uswisi, akaajiriwa na chama cha kimisionari cha Waanglikana wa Uingereza, CMS. Mwaka 1837 alitumwa Ethiopia. Mwaka uliofuata akafukuzwa Tigray pamoja na wenzake. Akazunguka, akaingia Shoa upande wa kusini, akakaa huko karibu miaka mitatu. Mwaka 1842 alitoka kwenda kumpokea mchumba wake, Rosine Dietrich, aliyesafiri kutoka Ulaya. Walioana Misri. Walipotaka kurudi Shoa, wakakuta njia imefungwa.

Wakajaribu kupitia Massawa, kwenye Bahari ya Shamu. Humo nyikani Rosine alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike. Walimpa jina Eneba, neno la Kiethiopia lenye maana ya chozi. Akafa, wakamzika njiani, wakaendelea na safari ambayo nayo haikufika popote.

Ubaoni huwa siandiki habari hiyo. Naandika kwamba Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 "kueneza Ukristo", kana kwamba alitoka Ujerumani akiwa na Mombasa moyoni. Ukweli ni kwamba alikuja Mombasa baada ya kushindwa kwingine kote. Alitaka kuwafikia Waoromo, na alipofungiwa mlango wa kaskazini alidhani atawafikia kwa kupitia kusini. Pwani yetu ilikuwa kichochoro cha kupitia tu.

Januari 1844 alifika Unguja. Sayyid Said, mtawala wa Unguja na Omani, alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa maliwali wake wa pwani. Tafakari jambo hilo kidogo: umisionari wa Kiprotestanti katika Afrika Mashariki ulianza kwa barua ya Mwislamu. Mwezi Mei, Krapf na Rosine wakahamia Mombasa. Rosine alikuwa mjamzito tena. Tarehe 8 Juni Krapf akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, na aliyemsaidia alikuwa kadhi wa mji, Ali bin Mueddin, mwenyeji wa Barawa. Mwenyewe aliihesabu siku hiyo kuwa mojawapo ya siku kubwa za maisha yake. Alikuwa na wiki chache tu mjini.

Wiki tano baadaye, tarehe 13 Julai, Rosine alikuwa amekufa. Alijifungua binti mwanzoni mwa mwezi, homa ikamkamata siku chache baada ya kujifungua, na Krapf mwenyewe alikuwa kitandani na homa ileile, hawezi kusimama. Mtoto akamfuata mama yake baada ya muda mfupi. Kwa maelezo ya Krapf, Rosine aliomba azikwe bara, si kisiwani, kando ya njia wanayopita watu wa Nyika, ili kaburi lake liwakumbushe kilichomleta. Ndiyo maana yuko ng'ambo.

Nilisimama hapo Jumamosi ile. Pana kaburi na mnara wa kumbukumbu, bahari iko karibu, na ukitazama ng'ambo unauona Mji wa Kale. Nilikuwa nimebeba swali la mke wangu kama mtu aliyebeba barua asiyojua ampe nani. Nikajaribu kusali, nikashindwa. Nikahesabu: watoto wawili na mama mmoja, kwa muda usiozidi miaka miwili. Halafu nikakumbuka ile barua.

*

Barua ya Krapf kwa wakuu wake London ni maarufu. Wahubiri wa huku wanaipenda. Anawaambia kwamba sasa kuna kaburi la mtu wa misheni peke yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni ishara ya vita vilivyoanza. Kwa kuwa kanisa hushinda kwa kupita juu ya makaburi ya watu wake, anasema, saa imekaribia ya Afrika kufikiwa na injili kuanzia upande wa mashariki.

Niliwahi kulitumia wazo hilo mimi mwenyewe, nikiongoza ibada. Nililiona zuri. Safari hii nilipoifungua tena barua nikiwa nyumbani, nilikasirika. Huyu mtu hajamaliza hata matanga, nikasema, tayari mkewe amekuwa hoja. Mwanamke wa watu aliyekufa kwa homa mbali na kwao, na mtoto ambaye hakuwahi kuchagua kuwa misheni, wamegeuzwa kuwa bendera iliyosimikwa kwenye nchi ya wengine. Na ile sauti ya vita, ya kushinda, ilinichoma. Nchi iliyokuwa inashindwa ni ya nani?

Lakini niliisoma mara ya pili, na ya tatu, na hasira ikapungua. Nilimwona mtu aliyelala na homa, amezika watu watatu, na hakuna chochote alichofanya mpaka siku ile kilichofaulu. Ethiopia imeanguka. Waoromo hajawafikia. Ana kurasa chache za Mwanzo na makaburi mawili mapya. Mtu wa namna hiyo lazima aseme jambo, la sivyo atanyamaza milele. Naye akasema lile alilofundishwa kusema. Nilielewa, kwa sababu mimi pia nilisema nililofundishwa kusema: tumwachie Mungu.

Swali likawa: je, alichokisema kilikuja kuwa kweli?

*

Mwaka 1846 Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake, alijiunga naye, na wawili hao wakahamia Rabai, kwenye vilima nyuma ya Mombasa. Wazee wa Rabai waliwapa mahali pa kukaa. Krapf alikuwa na mpango mkubwa kichwani: mnyororo wa vituo vya misheni kuvuka bara zima, kutoka bahari hii hadi ile ya magharibi. Alilipenda neno hilo, mnyororo. Katika mji ambao watu walipitishwa wakiwa wamefungwa minyororo halisi, ni neno gumu kulisikia.

Mnyororo huo haukujengwa. Mwaka 1849 Wagner, mmoja wa waliotumwa kuongeza nguvu, alikufa kwa homa wiki chache baada ya kufika. Mwaka 1851 likaja kundi jingine. Pfefferle naye akafa upesi, na wengine wakarudi makwao. Mwaka huohuo Krapf alisafiri Ukambani kwa mara ya pili, akifuatana na mwenyeji wake Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Wakamba. Wakavamiwa karibu na mto Tana, Kivoi akauawa, na Krapf akakimbia porini peke yake, akiwa amejaza maji kwenye mitutu ya bunduki kwa kukosa chombo. Mwaka 1853 afya yake ilikwisha, akarudi Ulaya.

Ukihesabu waliobatizwa katika miaka hiyo, vidole vya mkono mmoja vinatosha. Wa kwanza aliitwa Mringe. Alikuwa mlemavu, maskini, na alibatizwa akiwa karibu kufa. Baada ya ile barua ya vita na ushindi, baada ya makaburi yote yale, lango likafunguka kwa mtu mmoja asiyeweza kutembea vizuri, ambaye muda mfupi baadaye naye akawa kaburini. Kama huo ndio mpango, nilijiambia, ni mpango usio na haraka hata kidogo.

Rebmann alibaki. Mwaka 1848 aliuona Kilimanjaro, akaandika kuhusu theluji yake, na wasomi wa London waliokuwa hawajawahi kufika huku wakambishia. Krapf aliuona Mlima Kenya mwaka uliofuata. Hayo ndiyo wanafunzi wangu hukumbuka. Mimi siku hizi nakumbuka mengine: kwamba mtoto pekee wa Rebmann na Emma, mkewe, alikufa akiwa mchanga, kwamba Emma alikufa mwaka 1866 na Rebmann akaendelea kukaa Rabai, kwamba alitumia miaka mingi akiandika kamusi ya lugha ya Ziwa Nyasa kutoka kinywani mwa mtumwa aliyeitwa Salimini, aliyetekwa huko na kuletwa pwani. Macho yake yakafifia hadi akawa kipofu. Aliondoka mwaka 1875, baada ya miaka 29, akiongozwa na Isaac Nyondo wa Rabai aliyemsindikiza hadi Ujerumani. Akafa mwaka uliofuata huko Korntal, jirani na Krapf.

Nawawazia wazee wawili hao Korntal. Mmoja haoni. Wote wawili wamewazika wake na watoto kwenye udongo wetu. Wakiulizwa wamepata nini, wangeonyesha kamusi. Krapf naye alifanyia kazi kamusi yake ya Kiswahili karibu hadi mwisho. Alikufa Novemba 1881 akiwa amepiga magoti kando ya kitanda, na kamusi ikatoka London mwaka 1882.

Ile kamusi, ile sarufi aliyoichapisha mwaka 1850, zile kurasa za Mwanzo: hizo ndizo zilizobaki. Waliokuja kuzitumia ni watu asiowawazia, kwa mambo asiyoyawazia. Krapf alichagua kukiandika Kiswahili kwa herufi za Kirumi, na sababu mojawapo ilikuwa kukiepusha na Uislamu. Lakini alikipata kutoka kwa kadhi, na lugha haikumtii. Leo inaandikwa kwa herufi zake na kusemwa na Waislamu na Wakristo na wasio na dini, katika bunge na katika gari la mizigo. Hata mimi ninayemlalamikia hapa, nalalamika kwa herufi zake.

*

Ningeweza kuishia hapo, na ingekuwa hadithi nzuri ya ibada: mbegu ikafa, ikazaa. Lakini swali la mke wangu halikuwa kuhusu homa. Mbu hana kosa. Swali lilikuwa kuhusu watu.

Mwaka 1873, kwa shinikizo la Uingereza, Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja. Miaka miwili baadaye CMS ilianzisha makazi ya walioachiwa huru ng'ambo ya Mombasa, yakaitwa Frere Town kwa heshima ya Sir Bartle Frere. Ni palepale tunapopaita Kengeleni leo, kwa ajili ya ile kengele ambayo makondakta wa matatu huitaja kutwa bila kuifikiria. Manowari za Kiingereza zilikamata majahazi na kuwashusha hapo waliokuwemo: wanaume, wanawake, watoto wa makabila ya mbali wasioweza kurudi kwao.

Msimamizi wao wa miaka ya mwisho ya 1870 alikuwa Mwingereza aliyeitwa Streeter. Aliwachapa viboko. Aliwafunga. Watu waliotolewa kwenye jahazi la mfanyabiashara ya watumwa walichapwa ndani ya uzio wa misheni kwa kosa la utovu wa nidhamu, mpaka serikali ya Uingereza ikafanya uchunguzi na chama kikalazimika kumwondoa mwanzoni mwa miaka ya 1880.

Wanafunzi hawaulizwi habari hizo kwenye mtihani. Mimi nazitaja hapa kwa sababu ya swali ambalo sikuwahi kujiuliza kabla: kama mmoja wa waliochapwa angekufa, mchungaji angesema nini kaburini?

Najua angesema nini.

Watu wa kunisaidia nilikuwa nimewapita kila mwaka kwa mstari mmoja ubaoni, "Waafrika wa Bombay". William Henry Jones alikuwa Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akakombolewa baharini na kupelekwa India, akalelewa kwenye kituo cha misheni karibu na Nasik na kufunzwa uhunzi. Mwaka 1864 aliletwa Rabai kumsaidia Rebmann, pamoja na wenzake Ishmael Semler na George David. Mwaka 1885 Askofu Hannington aliwapa Jones na Semler daraja la ushemasi, na mwaka uleule Jones akasafiri naye kuelekea Uganda. Hannington alimwacha na sehemu kubwa ya msafara kule ambako leo ni Mumias, akatangulia Busoga, akauawa Oktoba. Jones aliurudisha msafara hadi pwani, wakitembea chini ya bendera ya buluu waliyoandika neno Ikabodi: utukufu umeondoka.

Nilipenda kwamba waliandika neno hilo. Hawakuandika kwamba kazi ya Mungu haina makosa. Waliandika kwamba jambo baya limetokea, na wakatembea nalo mamia ya maili.

Lakini jambo kubwa zaidi alilolifanya Jones hakulifanya kwenye msafara. Alilifanya Rabai. Watumwa walikuwa wakitoroka mashamba ya pwani na kupanda vilima kutafuta hifadhi, na wakuu wa misheni, wakiogopa ghasia za wenye watumwa, walikuwa wameahidi kutowapokea. Rabai ilikuwa mikononi mwa Jones, na watoro waliendelea kupokelewa. Ilipofika mwaka 1888 wakubwa wakagundua kwamba kwenye vituo vya misheni, wengi wao Rabai, kulikuwa na watoro wapatao 1,400. Mackenzie, wakala wa Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, akalazimika kuwalipa wenyewe fidia, na tarehe 1 Januari 1889 watoro wakapewa hati za uhuru. Jones mwenyewe hakutunzwa vizuri. Miaka ya 1890 aligombana na wamisionari weupe kwa jinsi walivyowashusha makasisi Waafrika.

Kwa hiyo ile ahadi ya Krapf, ya saa iliyokaribia, ilikuja hivyo: kupitia mtoto aliyeuzwa, aliyekiuka amri za warithi wa Krapf, kwa manufaa ya watu waliokimbia. Kama kuna kusudi la Mungu katika historia ya Rabai, na mimi naamini lipo, halikupita kwenye mnyororo wa vituo. Lilipita kwenye mlango ambao misheni ilisema ufungwe.

*

Mke wangu ni Mrabai. Aprili ile tulikwenda kwao, na nikamweleza bibi yake, hawe kama wanavyowaita, mambo niliyokuwa nayasoma. Alikuwa karibu miaka tisini, macho mazuri, masikio kiasi. Aliniacha nimalize, kisha akasema bibi yake mwenyewe alikuwa mmoja wa wale watoro. Alikimbia shamba akiwa msichana.

"Kanisani walituambia Mungu ndiye aliyewaleta hapa," alisema. "Hawe yangu alikuwa hataki kulisikia neno hilo. Alisema, 'Mungu hakunileta. Aliyenileta ni aliyeniuza. Mungu alinikuta hapa.'"

Mke wangu aliinuka, akaenda nyuma ya nyumba, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi nilimsikia akilia kwa sauti.

Njiani kurudi nilifikiria kitabu alichoanza nacho Krapf. Mwanzo kinaishia kwa Yusufu, mtu mwingine aliyeuzwa akiwa kijana. Ndugu zake wanapomwogopa baada ya baba yao kufa, anawaambia kwamba wao walimkusudia mabaya, lakini Mungu aliyakusudia hayo kuwa mema, ili watu wengi waokolewe. Nimelihubiri andiko hilo mara nyingi, na kila mara nikakimbilia nusu ya pili. Yusufu hakufanya hivyo. Anaanza kwa kuwaambia usoni: mlikusudia mabaya. Kosa analiita kosa, na mwenye kosa anamtaja. Hawaambii kwamba kumuuza ilikuwa kazi ya Mungu isiyo na makosa. Na anayesema ni yeye aliyeuzwa. Maneno yaleyale yangekuwa aibu kubwa kama wangeyasema ndugu zake.

Hapo ndipo niliposhikika. Maana kuna jambo ambalo sikuwa nimemwambia mke wangu, na nimelichelewesha hata katika maandishi haya. Jioni ya ile siku ya tisa nilikuwa hospitalini. Nikiwa kwenye korido nilimsikia muuguzi akimwambia mwenzake kwamba dizeli ya jenereta imekwisha tangu juzi na ofisi imeambiwa. Nililisikia vizuri. Nilichoka, nilikuwa na vipindi asubuhi, na nilidhani si kazi yangu. Nilikwenda nyumbani nikalala. Siku ya mazishi mchungaji aliposema kazi ya Mungu haina makosa, nilikubali haraka kuliko wote, kwa sababu kama makosa hayakuwepo, basi na langu halikuwepo.

Nilikuwa nimejificha nyuma ya Mungu. Na nilimnyamazisha mama wa mtoto ili asinikute humo.

Nilimwambia usiku ule, tukiwa bado Rabai. Hakusema kitu kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Kwa hiyo ulijua nini nilichokuwa nauliza." Nikasema ndiyo. Alilala kwa hawe yake siku nne, mimi nikarudi mjini peke yangu. Siwezi kusema hilo limekwisha kabisa kati yetu. Linazungumzika sasa.

Aliporudi aliandika barua kwa bodi ya hospitali. Mimi nilitia sahihi chini yake, na nikaandika kwa mkono wangu nilichosikia koridoni. Miezi minne hatukujibiwa. Kisha tukaitwa. Watu watatu nyuma ya meza walikiri kwamba daftari la mafuta lilikuwa limejazwa uongo, wakaomba radhi. Mke wangu aliwashukuru, akawauliza jenereta ina lita ngapi siku ile. Mmoja akatoka kwenda kuangalia. Tulimngoja.

Bado mimi ni mzee wa kanisa. Bado naamini kwamba kusudi la Mungu ni pana kuliko mabaya yetu, na kwamba hakuna kaburi, hata la siku tisa, lililo nje yake. Siwezi kukuonyesha kusudi hilo kwa binti yetu. Rosine hakuliona lake, na Mringe hakuliona, na yule msichana aliyepanda vilima vya Rabai usiku aliona njia ya miguu tu. Lakini siombi tena Mungu ayafunike yaliyofanywa na watu. Aliyekuta watu Rabai aliwakuta na majina ya waliowauza.

Siku hizi nikifika kwenye orodha ya matatizo huandika "magonjwa", kisha nawaambia wanafunzi habari za Rosine. Halafu naongeza tatizo la sita, lisilo kwenye mtaala, nalo ni viboko vya Frere Town. Mwaka jana msichana mmoja wa dawati la mbele aliuliza, "Mwalimu, sasa Mungu alikuwa wapi?" Nikamweleza habari za Jones na mlango wa Rabai. Akaandika. Sikumwambia kwamba limekwisha jibiwa.

Mazishini, mchungaji akisema yale maneno, mimi na mke wangu huwa hatutikisi vichwa. Tunangoja watu waondoke, kisha tunawauliza wafiwa ilikuwaje.